Seli Zikiachana: Mjadala wa Garsen Kuhusu Kichocho na Saratani ya Kibofu

Mto Tana unaanzia Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unasukuma mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unashuka nyika kavu kupitia Garissa na Hola mpaka Garsen. Kuanzia hapo hauna haraka tena. Unatawanyika na kuwa delta ya vijito, maziwa na vidimbwi, penye mashamba ya mpunga ya Wapokomo na malisho ya kiangazi ya Waorma na Wawardei, hadi kufikia bahari upande wa Kipini. Maji yaliyotulia namna hiyo ndiyo makao ya konokono wa jamii ya Bulinus, na ndani ya konokono hao hukulia kimelea cha kichocho cha mkojo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikitia kimelea hicho, Schistosoma haematobium, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara umo katika kundi hilohilo.

Njia inayomtoa mtu kwenye kichocho na kumfikisha kwenye saratani ya kibofu hupita mahali padogo mno: kwenye protini zinazoshikanisha seli moja na jirani yake. Hizo ndizo nilizokusudia kuzijadili. Lakini ukizijadili Garsen linazuka swali ambalo maabara za ng'ambo hazilisikii: elimu hii inamfaa nini mkulima anayekojoa damu? Sikutaka kulijibu peke yangu, kwa hiyo nimeliitishia baraza. Sauti ni tano: mzee mkulima wa mpunga, mama muuza samaki, mfugaji, tabibu wa kituo cha afya, na mtafiti wa kike, mzaliwa wa delta, anayechunguza protini za seli Nairobi. Watu hawa nimewatunga. Mambo ya sayansi na historia wanayoyataja sikuyatunga.

TABIBU: Naomba nianze, maana chupa ya mkojo huletwa kwangu kwanza. Mtoto akija na mkojo wa damu, sihitaji kujua jina la protini hata moja. Nauweka chini ya hadubini, naliona yai lenye mwiba nchani, nampima mtoto uzito, nampa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake. Minyoo mikubwa inakufa. Taabu yetu ni kwamba kesho mtoto yuleyule anarudi kuogelea palepale. Basi fedha ziende kwenye dawa, maji safi na vyoo. Hizo protini waachiwe wenye nafasi.

MTAFITI: Kuhusu mtoto sikubishii, Daktari. Nakuuliza kuhusu babu yake. Amelima mpunga tangu ujana, miguu majini. Dawa amekunywa mara moja, au hakunywa kabisa. Sasa anakojoa damu, na hadubini yako haioni yai. Utamwambia nini?

TABIBU: Nitamwandikia barua ya rufaa aende Mombasa.

MTAFITI: Ni zaidi ya kilomita 200. Akatafute nini huko?

TABIBU: Akaangaliwe kama kibofu kina uvimbe.

MTAFITI: Basi umeshakubali kwamba kati ya yai na uvimbe kuna jambo lililotokea, na dawa ya minyoo haikulifikia. Jambo hilo ndilo ninalolichunguza.

MZEE: Subirini kwanza, wanangu. Mmeshafika Mombasa na mimi sijatoka shambani. Binti yangu, nieleze. Huyo mdudu wa konokono ndiye anayegeuka saratani?

MTAFITI: La, mzee wangu, mdudu hageuki kitu. Anatoka kwa konokono akiwa mdogo asiyeonekana kwa macho, anapenya ngozi yako ukiwa majini, anaingia kwenye damu na kukua. Dume na jike huishi wameshikana ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na wanaweza kukaa humo miaka. Jike hutaga kila siku. Yai halina budi kupenya ukuta wa kibofu litoke na mkojo, lipate kurudi majini. Mengi hayafiki, yanakwama ukutani. Seli za kinga zinayazingira, pale pakapata kidonda, kidonda kikawa kovu, na kabla kovu halijapoa mayai mengine yameletwa. Hivyo mwaka baada ya mwaka.

MZEE: Na ukuta huo una nini hata tuuzungumzie sana?

MTAFITI: Una kazi ngumu. Kibofu huhifadhi taka ambazo mwili umezikataa, na huzihifadhi kwa saa nyingi, kwa hiyo utando wake wa ndani lazima uzizuie zisirudi mwilini. Seli za juu za utando huo ni pana, na mahali zinapokutana zimebanwa kwa protini ziitwazo klaudini na okludini, kiasi kwamba hata maji hupita kwa shida. Kuna sehemu chache sana za mwili zinazobana kama hapo. Chini kidogo ya mbano huo kuna E-kadherini. Kila seli hutokeza E-kadherini yake nje ya ngozi yake, ikakutana na ya seli jirani, zikashikana, na kalisiamu ndiyo inayoutia mshiko huo nguvu. Kisha kuna desmosomu, ambazo huzuia seli zisichanike kibofu kinapojaa na kutanuka. Tena kuna vijia vya koneksini, ambavyo kwavyo seli hupitishiana chembechembe ndogo na kujua hali ya mwenzake. Vyote hivyo kwa pamoja ndivyo tunaviita viungio vya seli.

MZEE: Kama kingo za jaruba, basi. Kingo zikiwa nzima, maji hukaa yanapotakiwa. Zikipata ufa, shamba la pili linaharibika.

MTAFITI: Umeipata nusu ya kwanza, mzee wangu, na ni nusu kubwa. Ukuta uliojaa mayai na uvimbe wa kinga hulegea, na mkojo ukafika kwenye seli changa za chini, zile zinazogawanyika. Kibofu chenye kichocho huingiliwa pia na bakteria kwa urahisi; baadhi yao hugeuza naitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa naitriti, na hapo huzaliwa nitrosamini, kemikali zinazoharibu DNA. Seli za kinga nazo, katika kupambana, humwaga kemikali kali ambazo hazichagui adui na mwenyeji. Lakini nusu ya pili kingo haiwezi kuieleza, kwa kuwa kingo ya jaruba haisemi. E-kadherini inasema. Kwa ndani ya seli imeshikilia protini nyingine, beta-katenini. Jirani akiwapo na mshiko ukiwa imara, beta-katenini hutulia ukingoni. Mshiko ukivunjika huachwa huru. Seli yenye afya ina utaratibu wa kuivunjavunja. Seli ambayo utaratibu huo umeshaharibika huiachia ifike hadi kwenye kiini, ikawashe jeni za kukua na kugawanyika. Hapo seli haikupoteza jirani tu. Imepewa amri ya kuongezeka.

Naingilia hapa, kwa sababu watu waliotufikisha kwenye maarifa haya wanastahili kutajwa. Mwaka 1966, New York, Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno walipima kama seli za ini la panya zinapitishiana umeme mdogo. Seli za ini zima zilipitishiana. Seli za saratani ya ini hazikupitishiana chochote. Kila moja ilikuwa peke yake. Katika miaka ya 1970 Masatoshi Takeichi, Kyoto, alianza kuonyesha kwamba seli hushikana kwa msaada wa kalisiamu, na mwaka 1984 protini inayofanya kazi hiyo ikapewa jina la kadherini. Kyoto hukohuko, mwaka 1998, kundi la Shoichiro Tsukita likazitambua klaudini. Hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta tiba ya kichocho. Walitaka kujua kwa nini mwili wa mnyama hausambaratiki ukawa lundo la seli, na mimi naliheshimu swali hilo kwa ajili yake lenyewe.

TABIBU: Mimi sikatai kwamba viungio huvunjika. Nauliza: kuvunjika kwake ni chanzo au ni matokeo? Uvimbe wowote ukikua huvuruga kila kilicho jirani yake. Mkinionyesha kinofu cha saratani kisicho na E-kadherini, mmenionyesha kwamba saratani imeivunja. Hamjanionyesha kwamba kuvunjika kwake ndiko kulikoleta saratani.

MTAFITI: Hilo ndilo swali lenyewe, na limejibiwa mara mbili katika mwaka mmoja, 1998. New Zealand kulikuwa na ukoo wa Wamaori uliopoteza zaidi ya watu 20 kwa saratani ya tumbo, wengine wakiwa vijana kabisa. Wenyewe walitafuta wanasayansi, hawakungoja kutafutwa. Parry Guilford na wenzake walipochunguza damu zao walikuta kasoro katika jeni ya E-kadherini, nayo ilikuwa ya kurithi: mtu alizaliwa nayo kabla hajawa na uvimbe wowote. Hapo huwezi kusema uvimbe ndio ulioivunja protini. Leo mwenye kasoro hiyo hushauriwa mapema, na wengi huamua tumbo liondolewe kabla saratani haijajitokeza. Mwaka uohuo watafiti wengine walifanya jaribio kwa panya wenye vivimbe vya kongosho visivyo hatari. Panya waliozuiliwa E-kadherini isifanye kazi, vivimbe vyao vilianza kupenya nyama ya jirani mapema zaidi. Walioachiwa E-kadherini ikae imara, vivimbe vyao vilibaki visivyo hatari.

TABIBU: Hao ni watu wa kasoro ya kuzaliwa, na ni tumbo. Sisi huku hatuna kasoro hiyo. Tuna konokono.

MTAFITI: Kweli, Daktari. Tena nikupe hoja nyingine dhidi yangu mwenyewe. Mwaka 2019 kundi la Andrew Ewald wa Johns Hopkins, Marekani, lilionyesha kwa panya na kwa chembe za saratani ya matiti kwamba seli za saratani zilizoondolewa E-kadherini zilisafiri kwa urahisi zaidi lakini nyingi zikafa njiani. Zilizobaki nayo ndizo zilizofaulu kuota mahali papya. Kwa hiyo anayekwambia kwamba kushikana ni afya na kuachana ni saratani, basi, anakuficha sehemu ya ukweli. Protini moja inaweza kumlinda mtu ugonjwa unapoanza, kisha ikaifaa saratani inaposafiri.

MZEE: Basi kwenye kibofu ni lipi?

MTAFITI: Kwenye kibofu, mwaka 1993 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipima E-kadherini katika vivimbe vya wagonjwa wao. Waliokuwa na kidogo ndio ambao uvimbe wao ulikuwa mkali zaidi, na hawakuishi muda mrefu kama wenzao. Hilo halisemi kipi kilitangulia. Kwa maoni yangu kibofu cha kichocho hakina mlango mmoja wa kuingilia saratani. DNA inaharibiwa, na papo hapo utaratibu wa ujirani unaozuia seli iliyoharibika isizagae unalegea. Ukiwa na la kwanza bila la pili, seli mbaya huzingirwa na wenzake. Ukiwa na yote mawili kwa miaka 20 au 30, mtu amefika umri wa kuwa na wajukuu na kibofu chake kina saratani.

Na mimi niseme ninavyoona. Tabibu ana haki ya kudai ushahidi wa chanzo, na watafiti wengi wangefaidika wakiulizwa hivyo kila wiki. Lakini tukibaki hapo tutakosa jambo ambalo ni la maana zaidi kwa delta: ikiwa ukuta wa kibofu unaharibika hatua kwa hatua, ni hatua gani bado inarudi nyuma?

TABIBU: Hilo nalijua mwenyewe, halikuhitaji Kyoto. Msambweni, kule Kwale, watu wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na wenzao wa Chuo cha Case Western Reserve cha Marekani walianza kuwafuatilia watoto wenye kichocho tangu miaka ya 1980. Walikuwa na mashine ya ultrasaundi. Waliona ukuta wa kibofu umenenepa, una vinundu. Baada ya kuwapa dawa, vibofu vya watoto wengi vilirudi hali ya kawaida.

MTAFITI: Umenisaidia kuliko unavyodhani. Ultrasaundi inaonyesha ukuta umenyooka. Haionyeshi kama seli zimeshikana tena, wala kama zile zilizokwisha kugeuka zimerudi kuwa seli za kibofu. Maana zinageuka, mzee wangu. Utando uliosumbuliwa muda mrefu huacha kuwa utando wa kibofu ukaanza kufanana na ngozi ya nje: seli bapa, kavu, zilizopangwa matabaka. Hapo ndipo aina ya saratani ya kichocho hutokea mara nyingi, saratani ya seli bapa. Mtoto wa Msambweni alipona kwa sababu aliwahiwa kabla ya mgeuko huo. Baba yake je?

MZEE: Ujana wetu, damu kwenye mkojo haikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni jambo la wavulana, linapita.

TABIBU: Si hapa tu, mzee. Sehemu nyingi za Afrika zenye kichocho, damu hiyo ilihesabiwa dalili ya kubalehe. Kumbe huko Misri A. R. Ferguson alikuwa ameshaandika tangu mwaka 1911 kwamba kichocho na saratani ya kibofu hufuatana. Misri kwa miaka mingi saratani ya kibofu ilikuwa ndiyo inayoongoza kwa wanaume. Walipokipunguza kichocho kwa kampeni za miaka mingi, saratani ya seli bapa nayo ikapungua. Ndiyo maana nashikilia msimamo wangu: zuia kichocho, umezuia saratani.

MFUGAJI: Mimi nimekuwa nikisikiliza. Nataka kuuliza, hiyo dawa inagawiwa wapi?

TABIBU: Shuleni, zaidi.

MFUGAJI: Kiangazi kikikaza tunashuka na ng'ombe kwenye malka, ile njia ya kufikia mto. Kijana wangu mwenye miaka 14 yuko nyuma ya mifugo, majini hadi kiunoni, asubuhi na jioni. Shule hajaingia. Siku ya dawa inapofika mwalimu anaita majina, na jina lake halimo. Mimi mwenyewe sijawahi kuitwa. Mnazungumza juu ya kuwahi. Sisi tutawahiwa na nani?

TABIBU: Sina jibu la kukuridhisha, ndugu yangu. Najua tu kwamba Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo mwaka 2022. Sasa linataka jamii yenye maambukizi ya kiwango cha asilimia 10 au zaidi ipewe dawa kila mwaka, kuanzia mtoto wa miaka 2 hadi mtu mzima, wakiwemo wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza na wanaonyonyesha. Shule peke yake haitoshi, na hilo si siri tena.

MFUGAJI: Basi dawa ishuke malka.

MAMA: Nyote mmekaa kwenye mkojo wa wanaume. Nani anayesimama majini kufua? Nani anayeparua kambare pale ukingoni kila alfajiri? Mwanamke akitokwa damu isiyo ya mwezi, akiumia akiwa na mumewe, akikosa mtoto, hakuna anayemuuliza habari ya mto. Anaulizwa alikuwa wapi na nani. Anapewa dawa za zinaa yeye na fedheha yake.

TABIBU: Usemalo ni kweli, mama. Mayai ya kichocho hukwama pia kwenye shingo ya uzazi na ukeni, na vidonda vyake hufanana na vya magonjwa ya zinaa. Wengi wetu hatukufundishwa kuvitambua.

MAMA: Na vidonda hivyo haviwi saratani?

MTAFITI: Kwa kibofu ushahidi umekamilika. Kwa shingo ya uzazi bado haijathibitishwa kwamba kichocho chenyewe huleta saratani. Kinachojulikana kwa hakika ni mwenzake, kirusi cha papiloma. Na hapo, mama, viungio vya seli vinarudi tena. Aina za kirusi hicho zinazoleta saratani zina protini iitwayo E6, na mwisho wa E6 una umbo linalonasa protini mbili za mwenyeji, Skribo na Dlg, ambazo kazi yake ni kuiambia seli upande wa juu ni upi, wa chini ni upi, na jirani ashikwe wapi. E6 inazipeleka zikavunjwe. Kirusi kisicho na akili kimefahamu pa kushambulia. Chanjo yake ilianza kutolewa Kenya Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Anayeweza kumpeleka binti yake asichelewe.

MAMA: Mimi wa miaka 50 chanjo imenipita.

TABIBU: Wewe utapimwa shingo ya uzazi, mama, na ukija nitakuuliza na habari ya mto. Hilo naahidi mbele ya wote hawa.

MZEE: Binti yangu, tangu asubuhi umetuonyesha ugonjwa unapita wapi. Je, njia hiyohiyo dawa haiwezi kupita?

MTAFITI: Inapita tayari. Kuna protini nyingine ya viungio, nektini-4, ambayo seli nyingi za saratani ya kibofu zimejaa nayo kupita kiasi. Dawa iitwayo enfortumab vedotin ni kingamwili iliyobebeshwa sumu. Inaitafuta nektini-4, inashikana nayo, inamezwa na seli ya saratani, sumu inafunguka humo ndani. Marekani iliidhinisha Desemba 2019. Mwaka 2024 Japani na Marekani ziliidhinisha nyingine, zolbetuximab, inayolenga klaudini 18.2 kwenye saratani ya tumbo. Protini zilezile ambazo Daktari alitaka waachiwe wenye nafasi.

TABIBU: Nilisema wenye nafasi, na umenithibitishia. Dawa hizo ni ghali hata kwa tajiri wa huko kwao. Na hebu nikuulize: hiyo ya kibofu ilijaribiwa kwa nani?

MTAFITI: Kwa wagonjwa wa saratani ya urothelia, seli za kawaida za utando wa kibofu. Ndiyo aina iliyo nyingi Ulaya na Marekani, na huko chanzo kikubwa ni sigara.

TABIBU: Si ya seli bapa.

MTAFITI: Si ya seli bapa.

TABIBU: Kwa hiyo mkulima wa Garsen, hata dawa ikishushwa bei hadi aimudu, hajui kama ilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wake.

MTAFITI: Ndivyo, na linaniuma. Lakini sababu si kwamba utafiti wa viungio hauna faida. Sababu ni kwamba haukufanywa kwa vinofu vya watu wetu. Saratani ya kichocho mara nyingi hukaa ukutani pale muda mrefu kabla ya kusambaa mbali. Ingefaa ijulikane: seli zake zimebaki na E-kadherini kiasi gani? Nektini-4 iko juu au chini? Je, mgeuko wa seli unaacha alama kwenye mkojo ambayo Daktari anaweza kuipima kituoni, bila mgonjwa kupanda basi? Kila kinofu kinachokatwa kwa mtu wa Tana kikitazamwa kwa jibu la ndiyo au hapana tu kisha kikatupwa, maswali hayo yatabaki yalivyo.

MZEE: Vinofu mtachukua kwa ruhusa?

MTAFITI: Kwa ruhusa yenu, na majibu yarudishwe kwenu. Wale Wamaori hawakuwa watu wa kuchunguzwa tu. Walikuwa wenye utafiti.

MZEE: Hapo nimekuelewa.

Baraza halikumaliza ubishi, nami sitaki kuupatanisha kwa nguvu. Mfugaji aliondoka akisisitiza dawa ya malka. Mama alisisitiza kuulizwa kwa heshima. Tabibu hakurudi nyuma hata hatua moja kuhusu maji safi na vyoo, na ana haki. Prazikwanteli haiui minyoo michanga, haizuii mtu kuambukizwa tena, na bonde la mafuriko ambalo watu wake walihamishwa na maji mwaka 2018, 2023 na 2024 halitaishiwa na konokono kwa vidonge pekee. Kama fedha zingekuwa za jambo moja tu, ningesema ziende kwenye maji, na mtafiti wetu, kwa jinsi ninavyomfahamu, asingepinga.

Hata hivyo hukumu yangu iko upande wake katika jambo moja kubwa. Mkakati wote wa kichocho umejengwa juu ya mdudu: mhesabu, muue, mzuie. Mdudu akishakufa, hesabu inafungwa. Sayansi ya viungio inatuambia kwamba kifo cha mdudu hakifungi hesabu ya mtu aliyeishi naye miaka 20, kwa kuwa ukuta aliouacha unaweza kuendelea na safari yake bila yeye. Mkulima, mvuvi na mfugaji wa zaidi ya miaka 35 au 40 katika delta hii ni mgonjwa wa aina nyingine kabisa na mtoto wa shule, na anastahili huduma ya aina nyingine: kipimo cha ultrasaundi kilicho karibu na Garsen, njia ya uhakika ya kufika penye kamera ya kuangalia ndani ya kibofu, na kinofu chake kupimwa na kuhifadhiwa kwa ridhaa yake. Serikali ya kaunti inaweza kuanza na la kwanza bila kungoja mfadhili. Vyuo vyetu vikuu vinaweza kuanza na la mwisho, na vikifanya hivyo vitachunguza saratani ambayo majaribio makubwa ya dawa yameiacha pembeni.

Na kwako msomaji uliye ukingoni mwa mto huu, au mwenye mzazi aliye huko: mtu mzima akikojoa damu, hata bila maumivu, hata kama ilikuja mara moja ikakoma, hata kama alikunywa dawa ya kichocho mwezi uliopita, mpeleke akapimwe kibofu. Asikubali kurudi nyumbani na vidonge peke yake.